Baba katoka tena alfajiri

Wiki hii nimepokea maswali ya wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na karibu wote wanauliza simu inawafaa vipi.

Baba hutoka alfajiri bila kuaga. Juzi tumemkuta Nkuhungu akitafuta ng'ombe aliowauza zamani. Kuna kifaa cha kunionyesha alipo? (Binti, Chang'ombe, Dodoma)

Pole, binti. Kipo: saa ya mkononi yenye laini ya simu na jipiesi (GPS), ya kuonyesha mtu alipo. Ila inataka chaji na bando kila mara, na mzee asiyezoea saa ataivua kabla ya chai. Mimi ningeanza na kengele ndogo ya betri inayolia mlango ukifunguka, kisha ningeshona namba yako ndani ya kola ya shati lake. Picha yake watumie bodaboda wa kijiweni kwenu. Wao huamka kabla yako. Na akitaja ng'ombe, usibishane naye kwamba waliuzwa. Muulize alimpata wapi yule mwenye baka. Atakusimulia huku mnarudi nyumbani.

Mama anasahau dawa. Nimwekee alamu?

Weka kwenye simu yako. Ugonjwa ukishakolea, mlio haumwambii kitu, pengine utamtisha tu. Dawa zipange kwenye kikasha cha vyumba saba, ukitunze wewe.

Ndugu zangu wako Dar. Kwenye grupu la WhatsApp wanatuma ushauri, mashuka nafua mimi. Nimechoka.

"Mama anaendeleaje?" haifui shuka. Andika kazi kwa majina: fulani apige simu ya video kila jioni saa kumi na mbili, wakati wagonjwa wengi wa aina hii huanza kuhangaika, ili wewe upate kuoga na kupika. Fulani anunue nepi za watu wazima. Fulani aje wikiendi moja kwa mwezi. Treni ya SGR ipo, kisingizio cha kushinda kwenye basi kimekwisha. Nawe tafuta iSupport, mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya tangu 2019 kwa wanaouguza nyumbani. Yana sehemu ya kujitunza wewe mwenyewe. Anza na hiyo.

Mjomba hataki tumpeleke bibi Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, eti watu watasema kichaa. Tunasoma mtandaoni tu.

Mtandao haupimi damu. Kuna kusahau kunakotokana na tezi ya shingoni, upungufu wa vitamini B12 au dawa anazomeza, na huko huweza kutibika. Kama jina la Mirembe linamkera mjomba, mpelekeni Hospitali ya Benjamin Mkapa. Ikiwa bibi amebadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, nendeni leo hii.