Maswali ya Wasomaji: Je, Microsoft na Linux Zimepatana?

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 2001 Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaoshindana na Windows, na saratani. Leo kampuni hiyohiyo inasema inaipenda. Je, ugomvi umekwisha, au ni mbinu tu iliyobadilika?

Jibu: Ugomvi haujaisha, ila umehama uwanja. Ballmer hakuwa akilalamikia ubora wa Linux bali leseni yake. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, hutolewa chini ya leseni ya GPL iliyoasisiwa na Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, yaani zile ambazo yeyote aweza kuzitumia na kuzibadili. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuichunguza na kuibadili, lakini akisambaza nakala aliyoibadili, ni lazima wanaoipokea wapewe msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mwandishi wake, pamoja na haki zilezile alizopewa yeye. Ballmer alidai kwamba anayetumia programu ya namna hiyo hulazimika kuziweka wazi programu zake nyingine zote. Dai hilo lilitiwa chumvi, kwani ofisi yaweza kuendesha Linux miaka nenda miaka rudi na programu zake za siri zikabaki siri.

Hofu ya kweli ilikuwa pesa. Mapato ya Microsoft yalitegemea leseni za Windows na Office, na si rahisi kushindana kwa bei na kitu kinachotolewa bure. Waraka wa ndani ya kampuni uliovuja mwaka 1998 ulikuwa umekwisha kukiri kwamba programu huria zaweza kufikia ubora wa zile za kibiashara, na kwamba ni tishio la moja kwa moja kwa mapato, hasa upande wa seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine.

Kilichobadilika baadaye ni biashara. Kampuni ilipoingia katika kukodisha seva kupitia intaneti, ilikuta wateja wengi wanataka kuendesha Linux humo, na kuwakatalia kungekuwa sawa na kuwasindikiza hadi mlangoni kwa Amazon, mshindani wake katika biashara hiyo. Ndiyo maana mwaka 2014 Satya Nadella, mkuu mpya, alitangaza hadharani kwamba Microsoft inaipenda Linux, na mwaka 2018 kampuni ikainunua GitHub, ambako waandishi wengi wa programu huria huhifadhi kazi zao, kwa dola bilioni 7.5. Hata msimbo ambao Microsoft iliuchangia kwa Linux mwaka 2009, mistari ipatayo 20,000, ulikusudiwa kuiwezesha Linux kufanya kazi vizuri ndani ya Hyper-V, bidhaa ya Microsoft yenyewe inayowezesha kompyuta moja kuendesha mifumo kadhaa kwa pamoja. Sioni ubaya hapo, mradi tusiite ukarimu kile ambacho ni hesabu.

Kwenye kompyuta za maofisini, hata hivyo, ushindani ungali mkali. Mji wa Munich, Ujerumani, ulihamishia Linux maelfu ya kompyuta zake, kisha mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Miaka 7 baadaye, jimbo la Schleswig-Holstein la nchi hiyohiyo lilitangaza kwamba kompyuta zake zipatazo 30,000 zitaachana na Office na kutumia LibreOffice, programu huria za kazi zilezile za ofisi.

Swali: Ofisi yetu inafikiria kuhamia LibreOffice. Je, hati zetu za zamani zitafunguka?

Jibu: Nyingi zitafunguka, lakini kufunguka si lazima kuwe na sura ileile. Chanzo kimoja cha usumbufu ni fonti. Calibri, ambayo Office iliitumia kwa miaka mingi pasipo mtumiaji kuichagua, ni mali ya Microsoft, na kompyuta isiyo nayo huweka fonti nyingine mahali pake. Herufi zikitofautiana upana, mistari husogea, na jedwali lililokaa ukurasa mmoja humwagikia wa pili. Carlito ilibuniwa iwe na vipimo sawa na Calibri, kwa hiyo hakikisheni imo katika kila kompyuta.

Tatizo zito zaidi ni makro za Excel, yaani maagizo yaliyoandikwa ndani ya jedwali ili kazi zijifanye zenyewe, ambazo baadhi yake hugoma kabisa na kuhitaji kuandikwa upya. Msianze majaribio kwa barua za kawaida. Anzeni na jedwali la mahesabu ambalo idara ya fedha hailali bila kulifungua, na mpaka hilo lifanye kazi, msifute leseni za Office katika idara hiyo.