Mkifika Berlin, msiishie kwenye kuba

Kila mgeni anayenifikia Berlin anataka kupanda kuba ya kioo ya Bunge la Ujerumani. Sawa, pandeni. Ila mnapojaza fomu mtandaoni, msichague kuba peke yake. Chagueni ziara ya kuongozwa, kuba mtaimalizia mwishoni.

Kinachofaa kuonwa kiko ukutani chini. Mwaka 1945 askari wa Kisovyeti walipoliteka jengo hili, waliandika majina yao na miji waliyotoka kwa mkaa na chaki. Baadaye kuta zilifunikwa. Norman Foster, msanifu Mwingereza aliyelikarabati hadi 1999, alipoyakuta maandishi yale alishikilia yabaki. Wapo wabunge waliotaka mengi yaondolewe, hawakufua dafu. Basi leo mbunge anaelekea ukumbini huku akipita kando ya jina la askari aliyemshinda babu yake vitani. Nchi ngapi zingevumilia hilo?

Ukumbini mtaona tai mkubwa nyuma ya kiti cha Spika, mnene kweli, na Wajerumani wenyewe humtania kuwa ni kuku. Kisha ndiyo mpande. Vioo 360 katikati ya kuba hushusha mwanga wa mchana ukumbini, na wananchi hutembea juu ya vichwa vya wawakilishi wao. Wazo zuri, ingawa mimi naona limetiwa chumvi: ukichungulia chini unaona viti zaidi ya siasa.

Kwetu Watanzania kuna la ziada. Jengo lilikamilika 1894, na fedha za kuendeshea makoloni, letu likiwemo, zilijadiliwa humu. Desemba 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimwa kusini kwetu, Bunge hili lilivunjwa kwa sababu ya mvutano juu ya fedha za vita vya Namibia. Ukumbi wa wakati ule uliungua 1933. Kuta nene za nje ndizo zilezile. Msitarajie kiongozi wa ziara aligusie hilo. Muulizeni.

Kuingia ni bure, lakini ombeni nafasi wiki kadhaa kabla, hasa kiangazi. Ziara nyingi ni za Kijerumani, hivyo tafuteni mapema siku yenye Kiingereza. Kila mtu aandikwe jina na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti yenyewe mje nayo, maana mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege.