Kamati Huanzia Jikoni: Kwa Mnaoingia Kazi ya Matawi

Mwaka huu mmejitolea vijana 7 kusaidia kujenga matawi ya jumuiya yetu ya Wasikh huku magharibi mwa Kenya, na furaha niliyo nayo siwezi kuieleza yote. Nilikuwa katibu hapa Kisumu kwa miaka 9. Nimeshiriki kuunda kamati kuanzia Kibos hadi Nakuru. Nyingi zingali hai. Mbili zilikufa, na moja kati ya hizo ilikufa kwa sababu ya haraka yangu. Naanza na hiyo.

Ilikuwa Jumapili, katika mji ambao sitautaja. Nilifika na fomu 100 kwenye begi. Baada ya sala ya Ardas, watu wakiwa wameshasikia harufu ya dengu kutoka jikoni, niliomba dakika chache, nikaeleza faida za uanachama, nikaitisha uchaguzi. Kwa nusu saa tukapata mwenyekiti, naibu wake, katibu, naibu wake, mweka hazina na wajumbe 6. Tukapiga picha. Watu 43 walijaza fomu. Nilipanda matatu ya kurudi Kisumu moyo umejaa. Miezi mitatu baadaye kamati ilikuwa haijakutana hata mara moja, na nilipowapigia simu wale 43, wengi hawakukumbuka ile fomu ilikuwa ya nini. Nikamwuliza mzee mmoja wa pale tulikosea wapi. Akanijibu kwa upole, "Puttar, mlitugawia vyeo. Kazi hamkutuachia." Puttar ni mwanangu kwa Kipunjabi, na neno hilo ndilo lililonizuia nisilie.

Sasa linganisheni na mwaka 2020. Mvua ya masika ilizidi, Ziwa Victoria likapanda, mashamba ya Nyando yakafunikwa na maji. Upande ule hatukuwa na kamati yoyote. Lakini jikoni kulikuwa na kina mama watatu, mwenye gereji mmoja, dereva wake Mluhya, na kijana aliyekuwa nyumbani kwa sababu shule zilifungwa kwa korona. Hakuna aliyewachagua. Walipika, wakafunga chakula, wakapakia pikapu, wakaenda hadi pale barabara ilipoishia. Mama mmoja aliandika hesabu nyuma ya katoni ya sabuni: unga kilo ngapi, umetoka kwa nani, umepikwa siku gani. Maji yalipopungua tuliwaomba waendelee kukutana mara moja kwa mwezi. Wakakubali upesi, kwa sababu tayari walikuwa na orodha ya nyumba walizotaka kurudi kuzitazama. Kamati hiyo haijawahi kukosa akidi. Yule mama wa katoni ndiye mweka hazina wake hadi leo.

Kwa hiyo msiende mahali "kuunda kamati". Nendeni mkatafute jambo ambalo watu tayari wanalihangaikia. Pengine ni mzee anayeishi peke yake kwa kuwa watoto wote wako Uingereza na Kanada. Pengine ni watoto wasiojua kusoma Gurmukhi, maandishi ya Kipunjabi, na hakuna wa kuwafundisha Jumamosi. Pengine ni jamaa za wagonjwa wanaolala nje ya hospitali kuu, ile wakazi wa Kisumu wanayoiita Russia, bila chakula cha jioni. Ukishawajua wanaolishughulikia jambo hilo, umeshaijua kamati yako. Kazi yako ni kuwapa daftari, siku ya kukutana, na mtu wa kumpigia simu wakikwama.

Wawili kati yenu si Wasikh, na nataka mwelewe kwa nini narudi jikoni kila mara. Tangu enzi za Guru Nanak, mwanzilishi wa imani yetu, aliyezaliwa mwaka 1469, watu wetu hula pamoja chakula cha bure kiitwacho langar, wakiketi chini safu moja, tajiri na maskini, wa dini yoyote. Mkusanyiko wa waumini tunauita sangat, na utumishi wa kujitolea tunauita seva. Jikoni ndipo sangat inapogeuka kuwa kazi. Mama Khivi, mke wa Guru Angad, anatajwa kwa sifa katika maandiko yetu kwa langar yake. Ukitaka kujua nani ni nguzo ya mahali, fika kabla sufuria hazijawekwa motoni na uondoke baada ya kusuguliwa. Usikae mbele karibu na wazee wa kamati. Menya vitunguu. Utamwona anayeulizwa na kila mtu chumvi iko wapi, na mara nyingi huyo hana cheo chochote.

Kuhusu idadi, mimi hupenda watu watano. Mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo cha imani, waliosimama kujitoa walikuwa watano: mwenye duka, mkulima, mchota maji, fundi wa nguo na kinyozi, tena kila mmoja ametoka pembe yake ya India. Tunawaita Panj Pyare, wapendwa watano. Nikiwafikiria, natazama orodha ya kamati na kuuliza kama wote ni wa ukoo mmoja, au wote ni makontrakta, au wote wana zaidi ya miaka 60. Huku kwetu jambo hili lina uzito. Babu zetu wengi walikuja na reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, wakiwa maseremala, wahunzi na waashi, na baadaye gurdwara zetu, nyumba zetu za ibada, zikajengwa kwa kufuata makundi: huku Singh Sabha, kule Ramgarhia. Kila upande una historia yake nzuri ya kujivunia. Lakini kamati ya tawi ikitoka upande mmoja tu, upande wa pili utakuja kula langar, utasalimia vizuri, na hautajiandikisha kamwe.

Wako pia wanaokaa nyuma ukumbini. Huku magharibi kuna familia ambazo baba ni Msikh na mama ni Mluo, Mluhya au Mkalenjin. Nimewaona watoto wao wakikua bila mtu kuwauliza kama wangependa kusoma, kupiga ngoma za tabla au kugawa chapati. Nimewaona pia mafundi waliotoka Punjab kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, hawajui Kiswahili, hawana jamaa. Wote hawa huwa wa kwanza kufika kukiwa na kazi na wa mwisho kuitwa kukiwa na mkutano. Wafuateni ulipo mlango wa kutokea. Msingoje wao waje.

Na mkutano uendeshwe kwa lugha gani? Tumegombana sana juu ya hili. Wazee wanataka Kipunjabi, vijana wana Kiingereza, na wenye familia mchanganyiko wako huru zaidi kwa Kiswahili. Tulichofikia ni hiki: ajenda na kumbukumbu kwa Kiswahili, kila mtu aseme kwa lugha yake, na mmoja akae karibu na mgeni kumtafsiria. Mkutano unarefuka kwa robo saa hivi. Mimi naona robo saa hiyo ni ya thamani.

Uandikishaji wenyewe hauna mengi. Nenda nyumbani mara ya kwanza bila fomu, kunywa chai, sikiliza. Mara ya pili nenda na ombi dogo la kazi: kumpeleka bibi kliniki, kukopesha pikapu Jumamosi. Fomu ije mara ya tatu. Njia ya Kibos, Miwani, Chemelil hadi Muhoroni ilinichukua miezi 7 kwa mtindo huu. Huko Miwani, ambako kiwanda cha sukari kilisimama, nilikuta nyumba nilizoambiwa zina watu zimefungwa, na nyumba nilizoambiwa ni tupu zina wazee. Hakuna orodha ya ofisini iliyoyajua hayo.

Mtaulizwa kama jirani asiye Msikh anaweza kuwa mwanachama. Jibuni kwa kufuata katiba yetu: kura ni ya wanachama waliotajwa humo, lakini seva haina mlango. Tuna daftari la pili la watumishi wa kujitolea, na majina yake ni ya Wajaluo, Wakisii, Wakikuyu, Wahindu na Waislamu. Waalikeni kwenye mikutano ya mipango na muwape nafasi ya kusema. Namkumbuka Makhan Singh, ambaye mwaka 1935 aliongoza chama cha wafanyakazi Wahindi jijini Nairobi kiwe Labour Trade Union of Kenya, kilicho wazi kwa wafanyakazi wa rangi zote, wakati serikali ya kikoloni ilipowataka Mwafrika na Mhindi wakae mbalimbali. Alikuwa Msikh, na alijua chama hukua kwa kufungua mlango.

Sasa fedha. Hapa nawaomba mnisikilize kuliko popote.

Guru Amar Das, Guru wa tatu, aliigawa jumuiya iliyokuwa ikikua katika vituo 22 vilivyoitwa manji, kila kimoja na kiongozi wake wa kuwaongoza waumini wa eneo hilo. Huo ni mpango wa matawi, karibu miaka 450 iliyopita. Baadaye wakawapo masand, wasimamizi waliokusanya sadaka za waumini na kuzipeleka kwa Guru. Wengi walianza vizuri, lakini kwa miaka walikuja kuishi kama mabwana wadogo, wakizila sadaka na kuwakandamiza waliowaletea. Guru Gobind Singh aliufuta utaratibu huo wote, akawataka Wasikh wamletee sadaka zao moja kwa moja. Nawaeleza hili kwa sababu mtu anayekusanya mchango bila kuulizwa hesabu anaharibika hata kama alianza akiwa mwema, na kosa ni letu tuliomwacha peke yake.

Katika tawi letu moja, michango ya M-Pesa ilikuwa ikiingia kwenye namba binafsi ya mweka hazina. Alikuwa mwaminifu, nashuhudia. Kisha akaugua ghafla akalazwa, simu ikazimwa, na fedha za karo za wasichana wawili zikakaa humo wiki sita. Wasichana wakarudishwa nyumbani. Alipopona alilipa kila shilingi, lakini tayari maneno yalikuwa yamemwagika mjini, na hakutaka tena kushika kazi yoyote. Tulimpoteza mtu mwema kwa kutokuwa na utaratibu. Tangu siku hiyo tawi halipokei hata shilingi 50 kabla ya kuwa na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao lazima watie sahihi, namba ya kulipia yenye jina la jumuiya, na kitabu cha risiti chenye nakala. Hesabu ya mwezi hubandikwa ukutani karibu na rafu ya viatu, mahali ambapo kila anayeingia huinama.

Ya sheria nitayapita haraka. Chama cha watu 10 au zaidi kinaangukia chini ya Sheria ya Vyama; mkutano mkuu ufanyike angalau mara moja kwa mwaka, taarifa ya mwaka ipelekwe kwa Msajili wa Vyama, na viongozi wakibadilika Msajili aarifiwe. Tawi lisijisajili kivyake bila kuuliza makao makuu. Na orodha ya wanachama yenye namba za simu isizungushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata kabla yake haikuwa adabu.

Mtakutana na mzee ambaye amekuwa mwenyekiti kwa miaka 20 na hataki kuachia. Msimpige vita. Alishika funguo wakati wengine walipohama, na pengine bila yeye jengo lingekuwa ghala la mtu. Mwendeeni nyumbani, mwombeni awafundishe: mkataba wa ardhi uko wapi, nani alichimba kisima, deni gani halijaisha. Nilipomfanyia hivyo anko-ji mmoja wa Nakuru, alizungumza kwa muda wa saa nne, akatoa sanduku la bati lenye risiti za miaka mingi, na katika mkutano uliofuata yeye mwenyewe akalitaja jina la msichana wa miaka 26 kuchukua nafasi yake.

Mwezi uliopita nimemkabidhi katibu mpya daftari langu la ziara. Lina majina 212, na 31 kati yake nimeyawekea alama kwa penseli. Aliniuliza alama hizo ni za nini. Nikamwambia ni nyumba ambazo sikuwahi kufika. Tumekubaliana aanze na zile 9 za Muhoroni, kabla mvua haijaharibu barabara ya mashambani, na mmoja wenu anahitajika kwenda naye Jumamosi hii. Gari linaondoka gurdwara saa moja asubuhi, baada ya chai.