Bei Huifuata Laini: Bili Niliyorudi Nayo kutoka Italia

Juzi kijana mmoja wa Watamu aliniandikia: "Ami, naenda Italia wiki ijayo. Ni kweli kwamba Ulaya wamefuta gharama za romingi, yaani za kutumia laini ya kwenu ukiwa nchi nyingine?" Nilipousoma ujumbe huo, donda lilifumuka, kwa sababu swali hilo hilo liliwahi kunigharimu shilingi 38,640, na kosa langu ni kwamba nilijijibu mwenyewe.

Mimi hutembeza wageni hapa Malindi, wengi wao Waitaliano, na mtaani petu ndiye niliyekuwa nikiulizwa mambo ya simu. Familia moja iliponialika Bologna kwa wiki mbili, sikuona haja ya kuuliza lolote. Wageni wangu walikuwa wamenieleza mara nyingi kwamba tangu tarehe 15 Juni 2017 mtu wa Umoja wa Ulaya hutumia simu katika nchi nyingine za umoja huo kwa bei ya kwao. Nikajisemea kwamba nikiwa Ulaya, nafuu hiyo nami itanifikia. Sikutambua kwamba nafuu ile ni ya laini za huko, wala haimhusu kila apitaye. Laini yangu ni ya Kenya. Mtandao wa Italia ulioipokea uliitoza kampuni yangu, na kampuni ikanigeukia mimi.

Kununua laini ya Italia nilinunua, tena siku ya kwanza, nikaiweka katika nafasi ya pili ya simu. Ile ya nyumbani niliiacha wazi ili nipokee ujumbe wa M-Pesa na nambari za siri za benki, na hapo sikukosea. Nilichosahau ni kuizima data yake. Simu yangu ilikuwa imeruhusiwa kuhamia laini ya nyumbani kila mtandao wa ile ya Italia unapolegea, nami sikuwa na habari. Mchana nilitembea chini ya vibaraza virefu vya Bologna nikirekodi video moja baada ya nyingine. Usiku nilipolala, simu ilizipandisha zote kwenye hifadhi ya intaneti kwa laini ya Malindi. Ukitozwa shilingi 20 kwa megabaiti utaona si kitu, lakini gigabaiti moja ina megabaiti 1,024. Piga hesabu mwenyewe.

Tena dada yangu alinipigia kila usiku baada ya isha kunisimulia habari za paa linalovuja. Nyumbani anayepokea simu halipi. Ukiwa nje, kupokea nako kunaweza kukutoza. Paa lile hadi leo linavuja.

Laini yangu ni ya kulipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hakukuwa na salio la kuisha likaniokoa. Nilipopiga simu kulalamika, binti wa huduma kwa wateja alinijibu kwa upole, "Mzee, huduma ya romingi uliiwasha mwenyewe." Alisema kweli, na ndiyo maana neno lile bado linanichoma. Nililipa kwa mafungu matatu, msimu wa wageni ukiwa umekwisha.

Basi ndugu zangu mnaosafiri, acheni kujifanya wajuzi. Iulizeni kampuni yenu, kabla ya kupanda ndege, bei ya megabaiti na ya kupokea simu katika nchi mwendayo. Zimeni data ya laini ya nyumbani, zimeni ruhusa ya simu kuhamia laini nyingine, na hifadhi ya picha isubiri waifai ya mwenyeji. Narudia, zimeni data. Hata msioenda mbali, kule Vanga mpakani, simu hunasa minara ya Tanzania, mwenyewe ukiwa bado Kenya, ukinunua samaki.

Kijana wangu anaondoka Alhamisi. Nimemwambia apite kwangu Jumatano baada ya magharibi, aje na simu yake, aizime data hiyo mbele yangu nikiona kwa macho.