Je, redio hutuzidishia hofu ya uhalifu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mama mkwe wangu, tunayeishi naye Nkuhungu, hushinda akisikiliza habari za wizi na mauaji redioni, naye sasa hufunga mlango kabla ya magharibi. Je, uhalifu umezidi kweli? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Habari hizo pekee hazithibitishi. George Gerbner, mtafiti wa Marekani aliyeanza kuchunguza televisheni mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba watazamaji wa saa nyingi huelekea kuiona dunia kuwa ya hatari kuliko ilivyo, ingawa wakosoaji wake walijibu kwamba huenda wenye hofu ndio hujifungia ndani na kutazama zaidi, hoja ambayo naiona nzito. Chumba cha habari huchagua tukio kwa sababu ni la nadra; mwizi wa kuku wa Kizota hatangazwi. Mpeleke mama kwa mwenyekiti wa mtaa, amweleze yaliyotokea hapo kwenu mwaka huu.