Makamu wa Rais ana kazi gani? Jibu langu kwa wanaotaka cheo kifutwe

Wakuu, mleta mada anauliza Makamu wa Rais wa Tanzania anafanya nini zaidi ya kupanda miti, kukata utepe na kumwakilisha Rais misibani, na anataka cheo kifutwe tuokoe hela. Mimi nimefundisha Uraia sekondari kwa miaka mingi, na swali hili hulikosi darasani, mara nyingi linatoka viti vya nyuma. Kwa siku za kawaida mleta mada hajakosea sana. Lakini hiki ni cheo cha Muungano, na kila Muungano ulipobanwa mahali, chenyewe ndicho kilichofumuliwa na kushonwa upya.

Anzieni 1964. Nyerere Rais, Mzee Karume Makamu wa Kwanza huku akiwa Rais wa Zanzibar, na Rashidi Kawawa Makamu wa Pili, ambaye ndiye alikuwa akibeba shughuli za serikali bungeni. Februari 1972 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Aprili 7 mwaka huohuo Karume akauawa, Aboud Jumbe akarithi vyote viwili, urais wa Zanzibar na umakamu, mpaka alipojiuzulu Januari 1984 kwenye ule moto wa kikao cha CCM Dodoma kuhusu muundo wa Muungano. Akaja Mzee Mwinyi. Alipopanda kuwa Rais wa Muungano 1985 mambo yakageuka: Rais ametoka Zanzibar, kwa hiyo Waziri Mkuu, Jaji Warioba, akawa pia Makamu wa Kwanza, na Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil, akawa wa Pili. Kwa hiyo vijana wanaodhani Makamu daima alikuwa mtu mmoja asiye na wizara, wajue mpangilio huo ni wa 1995 kuja huku.

Sasa hapo 1994 ndipo penye utamu, na ndipo wengi mnaparuka. Vyama vingi vimerudi 1992. Kwa utaratibu wa zamani, anayeshinda urais wa Zanzibar anakuwa Makamu wa Rais wa Muungano moja kwa moja. Je, akishinda mpinzani Zanzibar na CCM ikashinda Muungano? Mngekuwa na Rais wa chama hiki na Makamu wa chama kile, halafu Rais akifariki nchi nzima inahamia chama ambacho hakikuchaguliwa Bara. Mabadiliko ya kumi na moja ya Katiba yakaleta mgombea mwenza: mnapigiwa kura pamoja, mmependekezwa na chama kimoja, na Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu lazima atoke upande wa pili. Rais wa Zanzibar akabakiziwa kiti kwenye Baraza la Mawaziri la Muungano. Kwa maoni yangu hesabu ya kisheria ilikuwa sahihi. Ila Zanzibar ilitoa kitu kikubwa pale: kiti kilichokuwa chake kwa haki, kinachotokana na kura za Wazanzibari wenyewe, kikawa cha mtu anayeteuliwa na chama. Wazee wa Unguja na Pemba niliowahi kuzungumza nao hawajalisahau hilo, na siwalaumu.

Sharti la chama kimoja lina meno. 2015 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Karatasi ya urais ilikuwa na picha mbili kwa kila chama, mgombea na mwenza wake, na bibi mmoja akaniuliza anachagua yupi kati ya hao wawili. Nikamwambia ni tiki moja kwa wote wawili. Uchaguzi huohuo Juma Duni Haji ilibidi atoke CUF aingie CHADEMA ndipo awe mwenza wa Lowassa, mgombea urais wa CHADEMA, pamoja na kwamba vyama hivyo viwili vilikuwa ndani ya UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Sheria haikujali ushirika wao.

Walioshika cheo tangu hapo: Dk. Omar Ali Juma, aliyefariki akiwa madarakani Julai 2001, Dk. Shein, ambaye 2010 alitoka umakamu akaenda kuwa Rais wa Zanzibar, Dk. Bilal, Mama Samia, Dk. Mpango, na sasa Balozi Nchimbi. (Kati yao kuna daktari wa mifugo, daktari wa binadamu, mtaalamu wa nyuklia, mchumi. Sijui ni cheo au ni kamati ya mitihani.)

Halafu ikaja Machi 2021. Usiku wa tarehe 17 Mama Samia, akiwa ziarani Tanga, alitangaza kifo cha Magufuli. Asubuhi yake kidato cha tatu hawakutaka somo lililopangwa. "Mwalimu, sasa hivi Rais ni nani?" Nusu ya darasa wakasema ameshakuwa Rais tangu jana, nusu wakasema nchi haina Rais. Tukafungua Ibara ya 37(5): kiti kikiwa wazi, Makamu "ataapishwa na atakuwa Rais" kwa muda uliobaki. Kiapo kwanza. Kwa hiyo siku ile ya tarehe 18 tulikuwa na Makamu, kiti kilikuwa wazi, na nchi haikutikisika. Tarehe 19 akaapishwa Ikulu Dar es Salaam. Machi 30 Bunge likapiga kura kumthibitisha Mpango, kesho yake naye akaapa. Hakuna uchaguzi mdogo, hakuna kaimu wa miezi mitatu. Anayetaka cheo kifutwe atuambie angemweka nani pale. Waziri Mkuu? Huyo Rais anamteua na anaweza kumwondoa, na hakuna mwananchi aliyempigia kura ya kuongoza nchi. Lakini Makamu, Rais hawezi kumfukuza kwa barua.

Kuna aliyeuliza kwenye uzi huu kuhusu vipindi. Ibara ya 40(4): Makamu akirithi urais ukiwa umebaki chini ya miaka mitatu, anaweza kugombea mara mbili. Ikiwa imebaki mitatu au zaidi, mara moja tu. Samia alirithi ikiwa imebaki zaidi ya minne, kwa hiyo 2025 ndiyo ilikuwa yake.

Msichanganye na Makamu wa Kwanza na wa Pili wa Zanzibar. Hao ni wa Katiba ya Zanzibar, marekebisho ya 2010, na wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili.

Kuhusu kazi za kila siku: Ofisi ya Makamu ina Muungano na Mazingira. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 ilisimamiwa na ofisi hiyo, na kila mwenye genge aliiona. Upande wa Muungano ndio sioni. Makamu anaongoza kamati ya pamoja ya serikali mbili ya kushughulikia kero za Muungano, tunasikia kero kadhaa zimefutwa, basi. Mimi ningeanzia hapo: kamati hiyo iwekwe kwenye sheria, Makamu alete taarifa bungeni na Baraza la Wawakilishi kila mwaka, hoja kwa hoja, na ichapishwe tuisome.