Kabla hujasema mwenzako hana uchungu

Ukikaa nyumba ya kupanga hapa Dar, hasa hizi zetu za Temeke na Mbagala zenye vyumba sita na ua mmoja, utaona ugomvi mwingi hauanzii kwenye Luku wala zamu ya kufagia. Unaanzia kwenye sura. Huyu kaitikia salamu kwa mkato, yule kacheka msibani, mwingine kaambiwa mtoto wake kafaulu akasema tu "haya, vizuri" na kurudi ndani. Jioni haijafika, kishapewa jina: ana roho mbaya, ana maringo, hana uchungu na mtu.

Mimi Mzaramo, nimeolewa na mtu wa Bukoba, na majirani zangu wametoka kila upande wa nchi. Kazi ya kueleza "huyu hakukusudia hivyo" nimeifanya sana, kwangu na kwa watu. Ushauri wangu ni mmoja: kabla hujaamua mwenzako anahisi nini, ulizia kwao jambo hilo huonyeshwaje.

Hata wataalamu wamelihangaikia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Paul Ekman, alikwenda kwa Wafore, milimani Papua New Guinea, watu ambao wengi wao hawakuwa wamezoea sinema wala magazeti. Alitaka kujua kama hisia usoni husomeka sawa kwa watu wote, akawasimulia visa vifupi na kuwapa picha za nyuso wachague. Uso wa furaha waliujua, wa hasira waliujua, ila wa hofu na wa mshangao uliwachanganya. Wapo wanaoyabishia matokeo yake mpaka leo, na mimi siingii humo. Kinachonivutia ni utafiti wa mwenzake, Wallace Friesen, wa mwaka 1972. Aliwaonyesha wanafunzi wa Kijapani na wa Kimarekani filamu za kutia kinyaa. Wakiwa peke yao walikunja nyuso karibu sawasawa. Alipoketi mtafiti pembeni, Wajapani walizidi kuficha karaha yao kwa tabasamu. Kinyaa kilikuwepo kwa wote, ila malezi yalishaamua nani akione.

Sisi hapa tuna yetu. Angalia tunavyopeana habari ya kifo kwa simu. Mtu anakupigia, anakusalimia, anauliza watoto, anauliza kazi. Kisha anasema, "Sasa dada, mzee hali yake si nzuri, kazidiwa. Kama unaweza, njoo leo." Mzee keshafariki tangu alfajiri, na turubai lishafungwa. Binti mmoja ofisini kwetu, aliyekulia nje, alipigiwa hivyo na mama yake mdogo, akaona ule ni uongo mtupu. Kwa nini asiambiwe ukweli? Nikamwambia, mama yako mdogo hakutaka uusikie ukiwa peke yako ndani ya daladala. Alitaka ukifika pale mlangoni kuwe na watu wa kukudaka. Binafsi naona ni hekima, ingawa wapo wanaoipokea vibaya, na ukijua ndugu yako ni wa hivyo, mwambie moja kwa moja, lakini hakikisha kuna mtu karibu yake.

Sasa utani. Hapa ndipo vijana wetu wa mjini wanapopotea kabisa. Baba yangu alipofariki, mpwa wangu aliyesomea bweni mikoani alikuja kuzika babu yake. Jeneza linataka kutoka, mama mmoja wa Kinyamwezi akajitokeza kavaa koti la marehemu na kofia yake, mkononi bakora yake, anachechemea vilevile kama alivyokuwa akichechemea mzee. Akajilaza njiani. "Haondoki mtu hapa! Mzee huyu kaniachia deni, nipeni changu!" Waliokuwa wakilia wakaangua kicheko katikati ya machozi. Mama yangu, ambaye tangu usiku alikuwa hajanena neno, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mpwa wangu macho yamemtoka, ngumi kakunja. "Shangazi, huyu nani anatudhalilishia babu?"

Nikamvuta pembeni. "Baba, tulia. Huyo ni mtani. Asingekuja, ndiyo ingekuwa aibu yetu. Toa hela umpe."

Akampa noti, mama akaiangalia juu ya mwanga, akasema haitoshi hata ugoro, kisha akainuka akaenda jikoni kushika mwiko. Mpaka tunaanua tanga alikuwa pale, anaosha masufuria kuliko sisi wenye msiba.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo watu huuhusisha na misafara ya karne ya 19, wapagazi walipotoka Unyamwezi na pembe za ndovu kwenda Pwani, wakipita nchi ya Wazaramo. Watu wanaokutana njiani namna ile wangeweza kupigana kila msimu. Wakapata njia ya kutukanana bila kukasirika, na ya kuzikana pia. Mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria. Maana yake ni kwamba hata hasira yako ina mtu isiyomhusu, na ukilelewa hivyo kweli huisikii ikipanda. Mpwa wangu ilimpanda kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Wapelekeni watoto misibani, jamani. Wasiishie kwenye turubai na wanaume wanaocheza karata, waone na yale ya uani.

Hasira yenyewe haifanani. Mwanaanthropolojia Jean Briggs aliishi miaka ya 1960 na Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada. Wazungu waliokuja kuvua waliazima mtumbwi wakauharibu, wakataka na wa pili. Briggs akawakaripia kwa niaba ya wenyeji wake. Ajabu, wenyeji wakamtenga yeye. Hakuna aliyemgombeza, ila waliacha kumtembelea hemani kwa miezi kadhaa, kwa sababu kwao mtu mzima anayefoka ni wa kuogopwa.

Huku Pwani tunafoka kidogo na tunasema mengi kwa nguo. Jirani yangu mmoja alipokasirishwa na mwenzake wa chumba cha mbele hakutamka kitu. Alifua kanga yake ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", akaianika kwenye kamba iliyopita mbele ya dirisha la yule mwenziwe, maandishi yakatazama ndani. Ikakauka, na haikuanuliwa. Mpangaji mgeni kutoka Musoma akauliza kwa sauti kanga hii ya nani inakula jua hivi, na ua mzima ukanyamaza. Kwao, ukiwa na neno na mtu unamwambia usoni na yanaisha. Jirani yangu angeambiwa usoni vile angeona kavuliwa nguo hadharani. Wote wawili wana adabu, ila kila mmoja ana ya kwao.

Lakini tusidanganyane. Nikisikia mwanamume anasema anampiga mkewe kwa sababu "ndivyo tulivyolelewa", hapo simsikilizi. Malezi yanaeleza kwa nini mkono umezoea kuinuka. Hayaupi ruhusa. Na huyu mtoto wa kiume tunayemwambia mwanamume halii, akikua akawa haongei na mke wala mama, tusije tukashangaa.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Watu wetu wengi hawatakwambia wana huzuni. Watakwambia kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, silali, nina mawazo mengi. Ukingoja machozi utangoja sana. Wazimbabwe wana msemo kama huo huo wa kuwaza sana, na kule Harare daktari Dixon Chibanda aliutumia. Mwaka 2006 alianza kuwafunza bibi za mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu kwa lugha hiyo hiyo wanayoisema.

Kwa hiyo ndugu yako akikaa wiki nzima na nyingine anasema anawaza, halafu chakula hakimpandi, usimalizie kwa pole. Muulize anawaza nini, na anapolala usiku huwa anaona nini. Akitaja kwamba bora afe, usimwache peke yake siku hiyo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na unaweza kuanzia hospitali ya wilaya. Ukimpeleka usimwambie unampeleka kwa wehu, maana atageukia njiani. Mwambie mnakwenda kwa daktari wa mawazo, kisha ukae naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe.